Timazi Kwenye Goti

Jumapili jioni

Leo sikuomba barafu. Tangu mwezi wa tatu, kila nikirudi na baiskeli kutoka Mtwapa, jambo la kwanza lilikuwa kumwomba mke wangu barafu ya goti, naye hunipa barafu pamoja na maneno yake. Safari yenyewe si ya kujisifia: natoka Bamburi baada ya swala ya alfajiri, nafika daraja la Mtwapa, nageuza. Ila msimu huu wa kusi, kurudi ni kupigana na upepo wa uso mpaka nyumbani.

Goti la kulia liliuma kwa mbele, chini ya pia. Halafu mkono: kidole cha mwisho na jirani yake vilikufa ganzi hata nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Nikasema ni umri. Miaka 49, nini tena? Nikanunua kiti kinene cha sponji, laini kama mto, kikazidisha balaa. Unadidimia, na sponji inakubana pale ambapo hapakustahili kubanwa. Sitaeleza zaidi.

Ndipo nikaenda kwa kijana mmoja Nyali, ambaye kazi yake ni kupima watu na baiskeli zao kama fundi cherehani apimavyo kanzu. Bei sitaiandika, kuna mtu nyumbani husoma humu.

Kwanza hakupima kitu, aliuliza tu. "Ami, goti huuma mbele au nyuma?" Mbele. Akatikisa kichwa. Likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu. Kisha akanikalisha juu ya kipande cha kadibodi kwenye benchi, nikainuka, akapima mabonde mawili yaliyoachwa na mifupa ya kukalia ili ajue upana wa kiti kinachonifaa. Nimesoma, nimeoa, nimezaa, na sikuwahi kujua kwamba sehemu hiyo ina vipimo.

Akanisimamisha pekupeku ukutani, kitabu kikubwa kimebanwa katikati ya mapaja, akapima kutoka sakafuni: sentimita 82. Akazidisha kwa 0.883, hesabu iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa mbio za baiskeli za Tour de France mara 3. Ikatoka 72.4, ndio umbali wa sentimita kutoka katikati ya ekseli ya fremu, ile ambayo mikono ya pedeli huizunguka, mpaka juu ya kiti. Changu kilikuwa 67.

"Nani alikuwekea kiti hapa, ami?"

Mimi mwenyewe. Nilikishusha siku ile tuktuk iliponikatia Kongowea, nikataka miguu yote miwili iguse lami nikisimama. Hofu ya dakika moja, goti likailipia miezi minne.

Hakukipandisha chote kwa siku moja. Alisema misuli imezoea vibaya, itapandishwa kidogo kidogo, milimita chache kila wiki, mpaka mguu ukiwa chini kabisa goti libaki na mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35.

Halafu akafungua droo, akatoa timazi, uzi wenye kipande cha risasi mwishoni.

Marehemu baba alikuwa fundi mwashi. Nilikuwa nikimpa chokaa huku yeye akiining'iniza timazi yake ukutani, jicho moja amelifumba, akingoja risasi iache kuyumba. Na huyu kijana naye, pedeli zikiwa zimelala usawa, akaning'iniza uzi mbele ya goti langu na kufumba jicho lilelile la kushoto. Nikanyamaza. Akadhani nimeumia.

Risasi ilianguka vidole viwili mbele ya ekseli ya pedeli. Akarudisha kiti nyuma, huku akisisitiza kwamba timazi ni pa kuanzia tu, mwili ndio huamua. Lakini kiti kikirudi nyuma usukani unakuwa mbali, kwa hiyo shingo ya usukani ya milimita 110 ikatoka, ikaingia ya 80. Mwisho akalaza pimamaji juu ya kiti. Kumbe pua yake ilikuwa imeinama, na kila kilomita nilikuwa nateleza mbele na kuuegemeza mwili wote kwenye viganja. Vile vidole viwili ndivyo vilivyobeba mzigo.

Leo basi nimekwenda na kurudi. Upepo ulikuwa uleule. Vifungo vya shati nimefunga mwenyewe. Kilichobaki ni kusimama: sasa lazima niteleze kutoka kitini, mguu mmoja chini, mwili umeinama upande. Hapo Bamburi mtu wa mkokoteni alinitazama nikihangaika, akacheka mpaka akaegemea mzigo wake wa madafu.

"Ami, baiskeli kubwa hiyo! Umeazima ya nani?"

Nikamwambia ni yangu, tangu juzi.