Urefu wa Mvuto Unaokufaa kwenye Upinde wa Kompaundi

Mtu anayeshika upinde wa kompaundi kwa mara ya kwanza hapa Nairobi huuliza kwanza avute ratili ngapi, ilhali swali linalostahili kutangulia ni urefu wa mvuto, yaani umbali ambao upote (kamba ya upinde) huvutwa nyuma hadi mwisho. Upinde wa jadi, kama ule wa Wakamba, humwachia mpigaji aamue mwenyewe aishie wapi: mwenye mikono mirefu huvuta zaidi, mwenye mikono mifupi huishia mapema, na upinde hauna neno. Kompaundi, ambayo Mmarekani Holless Wilbur Allen aliiombea hataza mwaka 1966, haina uhuru huo. Magurudumu yaliyo kwenye ncha zake huzunguka hadi mahali maalumu, uzito ukapungua, kisha upote ukagota. Upinde wa ratili 50 unaopunguza uzito kwa asilimia 80 hukuachia ratili 10 tu za kushikilia unapolenga, lakini ni lazima kwanza ufike kwenye kikomo hicho, nacho kimepangwa ndani ya upinde wala hakijali urefu wa mkono wako. Pinde nyingi nilizoziona mikononi mwa wenzangu zilikwisha kutumika ng'ambo, kwa hiyo zimekuja na vipimo vya mtu mwingine, kama suti ya mtumba ya Gikomba.

Hesabu ya kuanzia ni nyepesi. Upe ukuta mgongo, nyoosha mikono yote miwili usawa wa mabega bila kujilazimisha, na mwenzako atie alama ya penseli penye ncha za vidole vya kati. (Alama ni muhimu kwa sababu utepe wa fundi cherehani kwa kawaida huishia inchi 60, na watu wazima wengi huupita.) Pima umbali kati ya alama hizo kwa inchi, kisha ugawanye kwa 2.5. Aliyepata inchi 68 atapata 27.2, basi na aanze na upinde uliopangwa kwenye inchi 27.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haijui umbo la taya lako, urefu wa shingo yako wala aina ya kifyatulio (kifaa cha mkononi cha kuushika na kuuachia upote) unachotumia, na watu wawili wenye mikono sawa wanaweza kutofautiana kwa nusu inchi. Isitoshe, namba iliyoandikwa kwenye upinde si ya kuaminiwa moja kwa moja. Kipimo rasmi huchukuliwa upinde ukiwa umevutwa kikamilifu, kutoka kwenye mfuo wa mshale unaoshika upote hadi sehemu ya ndani kabisa ya mpini, kisha huongezwa inchi 1.75, na upinde ulioandikwa 28 ukipimwa hivyo unaweza kutoa 28.5.

Kwa hiyo mwamuzi ni mwili. Simama karibu na shabaha, mshale ukiwa kwenye upote, kwa kuwa kuuachia upote mtupu kunaweza kuvunja upinde na kukuumiza. Vuta hadi mwisho, na mwenzako akupige picha kwa simu akiwa ubavuni. Mvuto ukiwa mrefu mno, kiwiliwili huegemea nyuma, bega la mkono unaoshika upinde hupanda, kiwiko chake hukakamaa, na mara nyingi upote hukuchapa kigashani. Ukiwa mfupi mno, kichwa hunyooka mbele kuufuata upote na kiwiko hicho hubaki kimepinda sana. Ukiwa sawa, kichwa husimama wima, upote hugusa ncha ya pua na pembe ya mdomo bila kutafutwa, na kigasha cha mkono unaovuta hufuata mstari wa mshale.

Ukikwama kati ya vipimo viwili, mimi nasema chukua kilicho kifupi. Wengi hupenda kirefu kwa sababu kila inchi huongeza kasi ya mshale kwa takriban mita 3 kwa sekunde, na ushauri huo hutoka zaidi kwa wawindaji wa Marekani. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na karatasi iliyobandikwa umbali wa mita 50 haitakimbia.

Kuhusu marekebisho, baadhi ya pinde zina kipande cha gurudumu kinachosogezwa kwa ufunguo mdogo tu, nyingine hudai kipande kipya, na nyingine haziguswi bila mashine ya kuzibana. Uliza hilo kabla ya kulipa. Tofauti ndogo ya robo inchi inaweza kumalizwa kwa kufupisha kitanzi cha kifyatulio kilichofungwa kwenye upote, bila kuugusa upinde wenyewe. Baada ya badiliko lolote, kagua tena uzito wa mvuto na mahali lilipofungwa tundu la kulengea, kwani vyote viwili huenda vimehama. Mzazi anayemnunulia kijana anayekua atafute upinde unaorekebishika kwa inchi kadhaa, kisha ampime upya kila anapoona mikono ya shati imekuwa mifupi.