Nami nikampa muda

Bwana Yesu asifiwe wapendwa wangu wa selile, kikundi chetu cha maombi, pamoja na wote mutakaosoma hii kwa telefone zenu.

Wiki hii mvua iliingia kwangu kupitia bati, ile upande ya kitanda, basi nikaanza kuhamisha vitu usiku na chini ya sanduku ya nguo nikakuta kaye, yaani madaftari, zangu za maombi za zamani. Munazijua zile kaye. Kila Januari tukiingia siku 21 za kufunga kila mtu anaandikaka mambo yenye anamuomba Mungu kwa mwaka mzima. Nikaketi juu ya bido ya maji nikafungua. Mwaka 2022 nimeandika, Bwana nipe atelie yangu, yaani mahali pangu pa kushonea nguo. Mwaka 2023, Bwana nipe atelie yangu mwaka huu. Mwaka 2024 maneno ni yale yale, ila nimepiga mistari miwili chini yake.

Wapendwa, nililia. Sikulia juu Mungu hakujibu. Nililia juu katika zile kurasa tatu, nyuma ya ile sentensi moja hakuna kitu kingine. Hakuna bei ya mashini, hakuna mwezi, hakuna jina la mtu wa kwenda kumuona. Niliomba kitu kikubwa, nikasema amina, nikafunga kaye, nikaanza kungojea, na kila mwaka nikawa nasema moyoni wakati wa Bwana haujafika.

Basi tangu ile usiku niko katika Nehemia na sijatoka. Munajua hadithi, hata watoto wa shule ya Jumapili wanaijua, ukuta wa Yerusalemu umevunjika, milango imeteketea, yeye ni mnyweshaji wa mfalme kule Shushani, anasikia habari, anaketi chini, analia, anafunga. Paka hapo mimi na Nehemia tuko sawa. Lakini angalieni miezi. Sura ya 1 ni mwezi wa Kisleu, sura ya 2 ni mwezi wa Nisani, hiyo ni kama miezi 4 ya maombi. Tena siku mfalme anamuuliza, unataka nini, Biblia inasema akamwomba Mungu wa mbinguni halafu akajibu, na jibu lake njo lilinishika shati. Mfalme anauliza safari yako itachukua muda gani na utarudi lini, na yeye anasema, nami nikampa muda. Alikuwa na muda tayari! Anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wamwache apite. Anaomba barua kwa Asafu mwenye kutunza msitu wa mfalme, na anajua mbao ni za nini: milango ya ngome, ukuta wa mji, nyumba yenye yeye ataingia. Mtu hawezi kuyajua mambo hayo katika dakika moja mbele ya kiti cha mfalme. Ile miezi 4 alikuwa analia na pia anahesabu. Magoti yake yalikuwa chini na akili yake ilikuwa inatembea njiani, mlango kwa mlango.

Nikajiuliza: kama leo mtu angeniita aseme mama, unataka atelie, niambie unahitaji nini na kwa muda gani, ningemjibu nini? Ningesema naomba tu unisaidie. Miaka mitatu ya kufunga na sina hesabu ya kumpa mtu.

Binti yangu mkubwa, eko anamaliza humanité, yaani sekondari, mwaka huu, aliniona na zile kaye akanionyesha kitu kwa telefone. Kuko kijana wa Japani, Shohei Ohtani, anacheza besiboli, mchezo yenye sisi hapa Goma hatuijui. Mwaka 2010 alikuwa mtoto wa sekondari wa miaka 16, na kule shuleni kwake waliwafundisha kujaza karatasi moja ya viboksi, mbinu yenye ilienezwa na mwalimu wa michezo wa Osaka anaitwa Takashi Harada. Katikati unaandika lengo lako kubwa, moja tu. Kuizunguka unaandika mambo 8 yenye lazima yawepo ili lile lengo lisimame. Halafu kila moja ya yale 8 unaitolea boksi yake na unaizungushia vitendo 8, vitu vya kufanya kwa mikono yako. Jumla 64. Yeye katikati aliandika achaguliwe wa kwanza na timu 8 za kulipwa. Kuzunguka aliandika mwili, roho ya kutulia, mwendo wa mpira kilomita 160 kwa saa, na mengine. Na aliandika bahati pia! Nikasema hapa sasa nitaona upagani, lakini angalia chini ya bahati aliweka nini: kuokota takataka, kusalimia watu, kusafisha chumba, kutunza vyombo vya mchezo, kuheshimu waamuzi. Wapendwa, hiyo ni Methali yote. Ni Luka 16 pia, mwaminifu katika lililo dogo. Yeye anaiita bahati, sisi tunaiita uaminifu, na alikuwa mtoto.

Ile 160 aliifikia mwaka 2012 akiwa bado mwanafunzi. Timu 8 hazikuja, alikuwa ametangaza anataka kwenda Marekani moja kwa moja na kwa hiyo ni timu moja tu ilisubutu kumchagua, na Marekani akafika mwaka 2018. Moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali Bwana huziongoza hatua zake. Lakini muangalie, zile hatua Bwana aliziongoza zilikuwa zinatembea.

Nikachukua biki nikachora viboksi vyangu juu ya meza ya kushonea. Katikati: atelie yenye mashini 4 na wasichana 6 wanajifunza, kufika mwezi wa 12. Kuzunguka nikaweka maombi, pesa, mahali, mashini, wateja, ufundi wangu, nyumba yangu na mwili wangu, na wale wasichana. Nikaanza na boksi ya maombi. Vitendo 8 vilijaa haraka sana, kesha ya Ijumaa, kufunga Jumatano, Zaburi ya asubuhi, sikuinua hata biki. Nikaenda kwa boksi ya pesa. Nikaandika, kununua sehemu katika AVEC, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana pesa, kila wiki. Nikaandika, kudai madeni ya wateja. Halafu biki ikasimama. Viboksi 6 ni vyeupe mpaka leo. Pale njo Roho alinionyesha ugonjwa wangu: mahali nilikuwa najua kufanya nilifanya mara mbili, na mahali nilikuwa naogopa nilipafunika na maombi.

Na hapa naomba muniruhusu niseme nanyi kama mama, juu najua siko peke yangu. Wapendwa, sisi tunapendaka unabii wa mwaka kuliko kazi ya Jumanne. Tunaambiwa ni mwaka wa kufunguliwa, tunapiga vigelegele, tunatoa sadaka ya mbegu, na ukiuliza mtu anafungua nini na kwa ufunguo gani, kimya. Kwaya inaomba pesa ya albamu na hakuna mtu ameenda studio kuuliza bei ya wimbo mmoja. Kijana anaomba ndoa ya Agosti na hajawahi kuandika mali watu wa kwao msichana wanaomba ni nini. Tunamwaga fondasyo, yaani msingi, ya nyumba ya Mungu kwa shangwe na ngoma, halafu majani yanaota ndani yake miaka 5, na wapita njia wanasema maneno yale yale Bwana Yesu alisema watasema, mtu huyu alianza kujenga akashindwa kumaliza. Luka 14. Yesu ndiye alisema keti kwanza uhesabu gharama, si mzungu, si ONG, shirika la misaada. Ukiketi na biki haujatoka katika imani. Umemtii Yesu.

Najua jibu lenu, nimelisikia Alhamisi iliyopita na mimi mwenyewe nililitumia miaka yote: mama, hapa Goma mambo haipangwi. Unapanga, barabara inafungwa. Unaweka pesa banki, banki inafunga milango. Unajenga, na Nyiragongo, mlima wetu wa moto, unateremka. Ni kweli. Sitawaambia si kweli. Tarehe 17 Januari 2002 wengi wenu mulitoka mbio na watoto mgongoni na mukarudi kukuta nyumba iko chini ya moto, na tarehe 22 Mei 2021 tena moto wa ule mlima ulifika mpaka Buhene, pembeni ya mji. Mtu mwenye parsele yake, kiwanja chake, ilizikwa na moto mara mbili ana haki ya kuogopa neno plani.

Lakini someni Nehemia 4 mukiwa hapa, si kama mtu wa mji mwingine. Sanbalati, adui wa kazi ile, anawacheka, anasema hawa wanyonge wanafanya nini, watafufua mawe katika chungu za kifusi, nayo yameteketezwa kwa moto? Mawe yaliyoteketezwa kwa moto! Ni nani duniani anaelewa mstari huu kuliko mtu wa Goma? Kloture, yaani kuta za kuzunguka viwanja, zote za mji huu ni mawe yenye yaliteketezwa kwa moto. Wamama wameyapasua na nyundo, jiwe kwa jiwe, wakauza kwa lundo, wakalipa minervali, pesa ya shule, ya watoto, na watu wakajenga juu ya ule ule moto uliowafukuza. Kwa hiyo musiniambie mtu wa hapa hawezi kupanga. Yule mama anayepasua mawe anajua lundo moja ni siku ngapi na malundo mangapi ni trimestre moja ya shule. Ile ni plani. Haijaandikwa tu.

Tena Nehemia naye alipanga katikati ya vitisho. Nusu wanajenga, nusu wanashika mikuki. Na aliweka tarumbeta karibu naye, akawaambia kazi ni kubwa na tumetengana mbali ukutani, basi mahali mutasikia sauti ya tarumbeta, mukusanyike pale. Kuko mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, yeye aliandika mwaka 1999 kwamba mtu anayesema mbele ya wakati, kama jambo fulani likitokea basi nitafanya hivi, anatimiza nia yake vizuri kuliko yule anayesema tu nataka. Nehemia alikuwa nayo zamani. Kama tarumbeta, basi mbio huku. Hakungojea adui afike ndipo waanze kikao cha kujua watafanya nini. Na mimi nimeandika zangu pembeni ya viboksi: kama siku ya AVEC watu hawawezi kukutana, basi sehemu yangu naipeleka kwa mama mhazini jioni ile ile kabla haijaliwa ndani ya nyumba. Kama umeme ukikosekana, basi ni siku ya kukata vitambaa na kushona vifungo, si siku ya kukaa. Kama mteja anasema mama utanikopesha, basi namwambia kwa upendo iniforme inatoka nusu ikilipwa. Hiyo ya mwisho ni ngumu kwangu. Karibu wote wanaoniomba hivyo ni watu wa kanisa letu, na siwezi kuficha kwamba nilisoma kwa uchungu ile sura ya 5, mahali Nehemia, katikati ya kazi ya ukuta, anashughulikia madeni kati ya ndugu. Kama uko na deni la dada yako katika Bwana, lipa. Usiongeze hallelujah juu yake.

Mengine nayataja tu. Alizunguka ukuta usiku na watu wachache kabla ya kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo si kila ndoto inatangazwa siku ya kwanza. Wengine walijenga kila mtu mbele ya nyumba yake. Na wamama, ile 3:12, Shalumu alijenga yeye na binti zake, majina yao hayakuandikwa lakini kazi yao imeandikwa, nilimsomea binti yangu mara mbili.

Siku 52 ukuta ukaisha. Watu wanapenda kuhubiri ile 52 kama muujiza wa haraka, na muujiza iko, hata maadui walijua kazi ile ilitoka kwa Mungu. Mimi sasa nikiisoma naona pia ile miezi 4 ya nyuma yake, mtu katika jumba la kigeni anahesabu mbao na machozi yanaanguka.

Jumanne nilianza. Kiboksi kimoja tu, kupeleka ile mashini yangu ya zamani kwa fundi kule Birere ajue kama inatengenezeka. Alisema inatengenezeka, akanipa bei, nikaandika bei na tarehe. Katika kaye zangu zote, ile njo hesabu ya kwanza.

Alhamisi tukikutana kwa maombi saa ya kawaida, kila mtu aje na kaye na biki. Tutaanza na magoti kama siku zote, halafu tutakaa chini na kila mtu achore chake, na wenye hawajui kuandika watasema na binti yangu atawaandikia. Mimi nitaleta ya kwangu na ile boksi ya pesa yenye vitendo viwili. Mama mhazini, wewe unayejua kuuza, ukae karibu na mimi unisaidie vile 6 vimebaki.