Siku moja na chama cha Kakamega hapa Kisumu

Watu wakisikia mimi hutembeza vikundi Kisumu wananiambia wewe uko na raha, kazi yako ni kuzurura na kuongea. Kuongea ni kidogo sana. Kazi yenyewe ni saa, kujua nini kitangulie na nini kifuate, na zaidi ya yote nini kiachwe, juu Kisumu haiishi kwa siku moja hata ukimbie aje. Hii ilikuwa Jumamosi, chama cha akina mama kutoka Kakamega, watu 46, ndani yao wazee wawili waliokuja kwa sababu wake zao walishawalipia.

Saa kumi na nusu alfajiri

Nimeamka na kitu ya kwanza si chai, ni kumpigia mzee wa boti pale Dunga, ufuo wa wavuvi. Saa hiyo wavuvi wako macho, wengine ndio wanarudi na nyavu. Swali langu ni moja tu: magugu yako wapi leo? Yale magugu maji hayana makao, upepo ndio unayahamisha, unaweza kulala ufuo ukiwa wazi uamke upate kijani tupu kama uwanja wa mpira, na injini ya boti ikiingia hapo inajifunga mizizi haiendi popote. Akaniambia "nyaminwa (dada), yamesukumwa upande wa bandari, wewe kuja tu." Hapo ndio nikaweka maji ya chai. Kama yangekuwa yamefunga Dunga ningegeuza siku yote, na umweleze mama aliyechanga pesa kidogo kidogo tangu mwaka jana kwamba boti haipo, hiyo mimi siitaki.

Mkobani ni orodha ya majina, filimbi, tishu, dawa ya kichwa, na mifuko ya karatasi ya wale wanaotapika. Hao hawakosekani.

Saa kumi na mbili

Nimepanda matatu kwenda Kiboswa, njia ya Kakamega. Wenzangu wengi husubiri kikundi mjini, mimi huenda kuwapokea kule juu, kwa sababu kutoka Kiboswa kushuka ndipo mtu anaona ziwa na mji wote umelala pale chini kwa mara moja, na ukikosa kuwa ndani ya basi dakika hizo umekosa nafasi nzuri ya kuongea siku nzima. Baadaye watakuwa wamechoka, ama wameshiba, ama wanatafuta choo.

Basi lilisemwa lingefika saa kumi na mbili na nusu. Lilifika saa moja na dakika ishirini, basi la shule la njano wamekodisha, nyimbo nilizisikia kabla sijaliona. Fulana za maruni wote, hata wale wazee. Nimepanda, nikawasalimu kwa Kiluhya, mulembe mulembe, wakashangilia, nikahesabu watu vichwa. Dereva akaniambia mapema, "dada, hili ni basi la shule, halitakiwi barabarani usiku, saa kumi na nusu natoa basi Kisumu, awe nani awe nani." Dereva kama huyo ni baraka, juu jioni lawama ya kuharakisha watu inakuwa yake si yangu.

Halafu mwenyekiti akanionyesha programu walioandika wenyewe kwa WhatsApp: boti, Impala ya wanyama, makumbusho, soko la Jubilee, soko la Kibuye, Kit-Mikayi, kuona meli. Nikamwambia mama, hii ni ya siku mbili. Kit-Mikayi yale mawe yako huko njia ya Bondo, karibu kilomita 30 kutoka mjini, kwenda, kupanda, kupiga picha na kurudi, nusu siku imeisha. Kibuye nayo siku yake yenyewe ni Jumapili. Kuna watu huweka hayo yote kwa tangazo ndio lionekane limeshiba, halafu unaona wageni wanateremka wanapiga selfi getini wanarudi kwa basi. Tukabaki na nne. Hakufurahi sana lakini alikubali.

Saa mbili kasorobo

Tunashuka, ziwa likatokea, kelele. Mama mmoja akauliza zile milima ng'ambo ni Uganda? Hapana, hapo bado ni kwetu, hii ni ghuba tu ya Winam, ziwa lenyewe pana liko mbele zaidi, na kati ya ziwa lote Kenya ina karibu asilimia 6 peke yake, Tanzania ndiyo ina kama nusu. "Asilimia sita na tunapiga kelele hivi?" Basi lote likacheka. Maiki ya basi imekufa kwa hivyo nilikuwa naongea kwa koo. Nikawaambia reli ilifika hapa mwezi wa Desemba 1901 na mji ukaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli, na kwamba meli za kwanza za chuma zilikuja vipande vipande kutoka Uingereza zikaunganishwa hapa hapa ufuoni.

Tukapita hospitali kubwa ya rufaa karibu na Kondele, na kama kawaida kuna anayeuliza mbona inaitwa Russia. Kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mimi huwa naongeza na ile siku ya kuifungua, Oktoba 1969, Mzee Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno mbele ya umati, risasi zikapigwa, watu wakafa, KPU, chama cha Jaramogi, ikapigwa marufuku na mwenyewe akawekwa kizuizini. Kuna waongozaji wanaruka hiyo hadithi ati inaharibu mood. Mmoja wa wale wazee alikuwa amenyamaza tangu Kiboswa, hapo akasema alikuwa kijana mdogo na anakumbuka redio ya jirani, na akaendelea kuongea na mwenzake kwa Kiluhya mpaka Dunga.

Saa mbili na nusu, Dunga

Boti ni ya asubuhi, hiyo sibadilishi kwa mtu. Asubuhi ziwa limetulia, upepo mdogo unatoka nchi kavu, lakini jua likishapasha ardhi joto upepo unageuka unatoka ziwani, na kufika saa nane mchana mawimbi yanapiga boti ubavuni na wageni wanaitana na Mungu. Boti tatu, kila mtu na laifu jaketi, na jaketi ni la kufungwa vifungo vyote, si la kuvaliwa picha halafu linafunguliwa.

Mama mmoja mzee kabisa kwenye kikundi akakataa. Alisimama pale kwenye mbao akaangalia maji, akaangalia boti, akasema "mwanangu, mimi kuogelea sijui na kufa leo sijapanga." Sikumbembeleza. Nikamwachia kiti kwa akina mama wanaouza samaki, nikaenda na wengine.

Huko ndani tuliona mafunjo, vizimba vya chuma vya kufugia ngege (tilapia) vinavyoelea, na viboko, kwa maana ya masikio manne na pua mbili. Mzee wa boti akazima injini mbali kabisa nao. Mama mwenyekiti akamwambia asogee kidogo apate picha, mzee akasema hapana bila kueleza, na hakusogea.

Kurudi, yule bibi tumempata amekalia kreti iliyopinduliwa, ameazima kisu na anapaa magamba ya ngege na wale wauzaji, magamba yamemshika mkononi mpaka kwenye kiwiko, wanacheka wote, yeye na Kiswahili cha Kakamega wao na cha Dunga. Wameshampa bei yao wenyewe ya obambla, yale mangege yaliyopasuliwa yakakaushwa juani. Wenzake walipojaribu baadaye kununua kwa bei hiyo hiyo walikataliwa. Ikabidi wanunue kupitia yeye.

Saa nne na nusu

Impala Sanctuary iko hapo karibu. Ni mahali padogo, nusu kilomita ya mraba haifiki, swala, simba kwa ua, tumbili. Nililipia jana yake kwa simu kwa hivyo tuliingia moja kwa moja. Niliwaonya kuhusu tumbili, chapati za mtu zikaenda hata hivyo.

Cha muhimu hapo ni kwamba saa tano kamili nilipigia hoteli nikawaambia washeni mafuta. Samaki 46 hawakaangwi kwa dakika kumi, na ukiagiza mkishakaa mezani mtakaa hapo mpaka saa tisa. Zamani tungeenda Lwang'ni, vile vibanda vya samaki, kabla havijabomolewa, siku hizi natumia mahali pa mama mmoja anayejua kuhesabu.

Saa sita na nusu

Ngege wa kukaanga, ugali, osuga (mnavu). Mzee wa pili, yule ambaye hajaongea na mimi siku nzima, akaniita kando kwa heshima sana akaniuliza kama kuku haiwezi patikana. Jamani. Umetoka Kakamega umekuja ziwani.

Saa nane

Makumbusho, na hapa ndipo nilipanga wakae muda mrefu. Ndani kuna simba amemrukia nyumbu, wanyama halisi waliokaushwa, kila mtu anapiga picha hapo. Lakini mimi huwaharakisha watoke nje kwa Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo limejengwa kwa ukubwa wake halisi, nyumba ya mke wa kwanza ikiangalia lango, za wake wenza, na simba, yaani kibanda cha kijana mkubwa, si mnyama.

Waliposikia simba wakapaza sauti, "hata sisi tuko nayo!" Basi kazi yangu ikaisha hapo. Mama mmoja akashika uongozi, anaeleza kwao inajengwa lini, mwingine anampinga, kwamba kijana wake amejenga Nairobi kabla ya nyumbani na hakuna kitu kimempata, wa tatu anasema subiri. Mfanyakazi wa makumbusho alisimama akiwasikiliza, akauliza maswali yeye. Karibu saa nzima. Kama tungeenda Kit-Mikayi haya yote hatungeyapata, na hilo nilimnong'onezea mwenyekiti.

Saa tisa na robo

Tukapita Oginga Odinga Street, nikawaonyesha mnara wa saa wa 1938 kupitia dirisha, hakuna aliyeangalia, walikuwa wanauliza Jubilee bado mbali? Dakika arobaini sokoni, omena (dagaa) kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, vitenge, na filimbi yangu.

Saa kumi na nusu dereva alikuwa amewasha injini kweli. Kabla mlango kufungwa mhazini alinitumia salio lote kwa M-Pesa, na hiyo ni sheria yangu, pesa inalipwa kabla basi halijatoka Kisumu. Nikashukia Kondele, nyuma basi zima linanuka obambla, lile la shule, Jumatatu watoto watauliza.

Saa mbili usiku

Nimemlipa mzee wa boti na mama wa hoteli, nimekunywa uji, miguu kwa beseni. WhatsApp ikalia, mwenyekiti: wamefika salama, asante sana, na mwakani wanataka Kit-Mikayi, makumbusho, boti, na Kibuye. Nikamjibu Kibuye basi iwe Jumapili, muondoke Kakamega saa kumi na moja, na boti mtaiacha.

Akaandika: "Boti tutaacha. Lakini bibi anasema safari hii atapanda."