Picha za mwani Paje zilivyokubali bila lenzi mpya

Picha zangu za kinamama wanaolima mwani Paje, Zanzibar, zilikuwa hazisemi kitu, nyuso nyeusi, maji meupe pe, na kila nikiuliza naambiwa nunua lenzi ya f/1.4, ile yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga mwingi, sijui hamia fulu fremu, kamera zenye kihisi kikubwa. Wengine ooh njoo alfajiri jua laini. Alfajiri nije nimpige nani? Mwani kazi yake bamvua, siku maji yanapojaa na kukupwa sana, na kwetu bamvua maji yanakupwa saa nne saa tano hivi asubuhi, jua lishapanda, kamera ya bei yoyote haibadilishi hilo. Na hiyo f/1.4 kwenye jua lile ukiiacha wazi, hata shata, ile kasi ya kufunga mwanga, ya 1/4000 ya sekunde haitoshi, picha inaungua tu kwa weupe.

Kilichonisaidia ni bibi mmoja kunambia "mwanangu, unapiga bahari au unanipiga mie?" Nikajiuliza hasa nnataka mtu aone nini, nikaona ni mikono inavyofunga mbegu, vile vipande vya mwani, kwenye kamba, basi. Hapo mengine yakajipanga yenyewe, lenzi ile ile ya 18-55 iliyokuja na kamera, nikachutama usawa wa kamba, jua likawa mgongoni kwake, mwanga nikapimia mikononi sio kwenye maji, tundu nikalibana f/8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, nikaiweka chini 100. Mchanga mweupe wa kule unarudisha mwanga juu, uso chini ya mtandio ukatoka bila flashi. Mbingu ikapotea nyeupe, potelea mbali, sikuwa naitaka.

Ukimaliza ifute kamera kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, chumvi inakula skrubu.