Nilivyorudi kwenye gitaa la roki baada ya kupoteza ncha ya kidole

Mashine ya kuranda mbao ilinikata ncha ya kidole cha pete cha mkono wa kushoto, na kidole cha kati kikabaki na ganzi ambayo haijaisha mpaka leo. Vidole hivyo ndivyo nilivyokuwa nikibonyezea nyuzi. Kidonda kilipopona nilishika gitaa nikajaribu kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) rahisi kabisa, uzi ukanichoma kama sindano. Ndugu zangu, kwa mapenzi tu, wakanishauri nihamie kwenye kinanda. Sikutaka kinanda.

Kilichonirudisha ni maisha ya Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki nzito ya Black Sabbath. Muziki wake niliujua tangu ujana, habari za mkono wake sikuzijua. Alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Akiwa na miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia. Yeye hutumia mashoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza. Ni vidole vilevile vilivyoumia kwangu! Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyeungua kwenye moto mwaka 1928 na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikamharibikia, lakini akaendelea kupiga solo kwa viwili vilivyobaki. Hapo Iommi akaamua kurudi kwenye gitaa.

Alichofanya baadaye ndicho nilichokifuata hatua kwa hatua. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vikofia vya vidole, akavisugua kwa msasa mpaka vikamkaa, kisha akavibandika vipande vya ngozi vya koti kuukuu ili vishike uzi bila kuteleza. Mimi plastiki ilinishinda, nikashona kikofia cha ngozi laini ya glavu. Kazi iko kwenye unene. Ngozi nene hubonyeza nyuzi mbili kwa pamoja, nyembamba nayo hurudisha maumivu. Nilipunguza kidogo kidogo, nikijaribu kila mara kwenye uzi mwembamba kuliko zote, maana huo ndio unaouma zaidi.

Kisha nikageukia nyuzi zenyewe. Iommi alitafuta nyuzi nyepesi zaidi, hata akatumia za banjo, na kufikia mwaka 1971, katika albamu ya tatu ya bendi, baadhi ya nyimbo alizipiga akiwa ameshusha gitaa toni moja na nusu, yaani amelegeza nyuzi zitoe sauti ya chini zaidi. Watu husifu uzito wa sauti ile, na wana haki, ila mimi niliusikiliza kwa vidole. Mkazo wa uzi hufuata mraba wa masafa yake, yaani kasi ya mtetemo wake: ukishusha nusu toni mkazo hupungua kama asilimia 11, ukishusha toni moja na nusu hupungua kama asilimia 29. Kwa mkono ulioumia hiyo ni tofauti ya kupiga wimbo mzima na kuuachia katikati. Tahadhari ni kwamba uzi mwembamba ukilegea mno hugongagonga shingo ya gitaa na noti hupinda kila unapobonyeza. Nilitulia kwenye nyuzi nyepesi na kushusha nusu toni, na mpiga besi wetu akakubali kutuni hivyo hivyo.

Kodi kubwa nikaziweka kando. Roki nzito husimama kwenye kodi ya noti mbili, noti ya msingi na ya tano kutoka kwake kwenye ngazi ya muziki, na hiyo naishika kwa kidole cha shahada na kidole cha mwisho. Kwenye sauti ya kukwaruza noti mbili hizo husikika wazi kuliko kodi kamili, kwa sababu amplifaya ikielemewa huzalisha sauti za ziada kati ya noti, na noti zikiwa nyingi sauti hizo hugongana. Kuvuta uzi ili noti ipande pia nimehamishia kwenye vidole hivyo viwili, na kile cha mwisho kimepata nguvu ambayo hakikuwa nayo zamani.

Ganzi ndiyo iliyodai subira. Kidole kisichohisi hakikuambii kama umebonyeza sawasawa, sikio ndilo linalokuambia. Nilifanya mazoezi kwa sauti safi, bila kukwaruza, nimefumba macho, polepole mno, kwa sababu sauti ya kukwaruza huficha noti iliyokufa, yaani isiyolia sawasawa.

Nampenda Iommi pia kwa alivyodumu. Waimbaji na wapiga ngoma waliingia na kutoka, yeye pekee akawamo katika kila safu ya Black Sabbath. Mwaka 2012 alitangaza kuwa ana saratani ya limfu, akaendelea kufanyia kazi albamu iliyotoka 2013 huku akitibiwa, na tarehe 5 Julai 2025 alikuwa tena jukwaani Villa Park, Birmingham, pamoja na wenzake watatu wa mwanzo.

Mimi sasa napiga tena na bendi. Kodi za kubonyeza nyuzi zote sita bado zinanitesa, hizo anazishika mwenzangu wa gitaa la pili, nami nabeba rifu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, na solo fupi. Kikofia kikichakaa nakata kingine kutoka glavu ileile.