Visiwa vya Cocos: upana wa kisiwa ndio maji yake

Visiwa vya Cocos, ambavyo ramani nyingi huviandika pia Keeling, ni 27. Watu wanaishi katika viwili tu. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa habari za gati na uwanja wa ndege, na majibu hayo yana ukweli wake. Lakini jibu la kwanza ni maji ya kunywa, na kwenye atoli, yaani duara la visiwa vya matumbawe linalozunguka ziwa la maji ya chumvi, maji ya kunywa yanategemea upana wa kisiwa.

Viko katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, nyuzi 12 kusini ya ikweta, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Tanga na kama 2,750 kutoka Perth, Australia, nchi inayovitawala. Nchi kavu yote ukiikusanya hupati zaidi ya kilomita za mraba 14 hivi. Visiwa 26 vimejipanga kwa umbo la kiatu cha farasi kuzunguka ziwa la maji ya chumvi. Cha 27, Keeling ya Kaskazini, kiko peke yake na hakikaliwi.

Mtu wa Tanga akisikia kisiwa cha matumbawe, macho yake huenda Toten, Jambe au Ulenge. Si kitu kimoja. Visiwa vyetu ni mwamba wa kale: matumbawe yaliyoota wakati bahari iko juu kuliko leo, yakaachwa makavu maji yaliposhuka, na chini yake kuna bara. Ndiyo maana pwani yetu ilipata jiwe la kuchonga na kuchoma chokaa, na Toten bado ina magofu ya misikiti. Cocos imesimama juu ya mlima wa volkeno uliozama katika bahari kuu. Kinachoonekana juu ya maji si mwamba bali ni kifusi: mchanga, maganda na vipande vya matumbawe ambavyo mawimbi yamevitupa juu ya ukingo wa mwamba hai, katika miaka elfu chache tu iliyopita.

Charles Darwin alifika huko Aprili 1836 akiwa na meli ya Beagle. Maelezo aliyoyatoa baadaye bado yanasimama: mlima unazama polepole, na matumbawe, ambayo hayawezi kujenga mwamba bila mwanga wa jua, yanaendelea kuota juu ya yale yaliyokufa ili yabaki karibu na uso wa maji. Mlima ukishapotea, linabaki duara la mwamba na ziwa katikati. Uthibitisho ulichelewa sana. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa atoli ya Enewetak, katika Pasifiki, wakapita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kugonga jiwe la volkeno.

Sasa turudi kwenye maji. Cocos hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, tena ya kutosha kulisha mto, lakini mto hakuna. Mvua ikigusa mchanga inapotea humo humo. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, basi hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, yenye kina zaidi katikati ya kisiwa na kina kidogo kuelekea ufukweni. Hesabu ya kitabuni inasema kila sentimita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina sentimita 40 chini yake. Maji yakisimama sentimita 20 juu, unatarajia mita 8 chini. Huzipati zote, kwa sababu kupwa na kujaa huyakoroga kila siku, na kiasi cha mita 10 chini kuna mwamba wa kale wenye mapango na matundu ambamo bahari inaingia na kutoka itakavyo. Bahati yao ni kwamba maji ya Cocos hupanda na kushuka kama mita moja tu. Bamvua la Tanga hupita mita 3, na ukiongeza mwamba wetu ulivyojaa matundu utaelewa kwa nini wavuvi wanaopiga dago visiwani hubeba maji kwenye madumu kutoka bara.

Upana unaingia hapo. Kisiwa chembamba, cha mita mia moja au mia na hamsini, mvua yake inavujia baharini pande zote mbili kabla haijajikusanya. Minazi itaota, kaa watakuwepo, mtu ataweza kulala siku kadhaa kwa madafu, lakini kisima cha kudumu hakipo. Home Island, ambayo eneo lake ni kama kilomita ya mraba 1 tu, ni pana vya kutosha. West Island ni ndefu na ina sehemu pana kadhaa. Hivyo ndivyo viwili vyenye watu.

Kosa kubwa la mgeni ni kuchimba kisima kirefu. Huku bara maji yakipungua unaongeza kina. Kwenye atoli kila futi unayoongeza inakusogeza kwenye chumvi. Kisima kinachofaa huchimbwa mbali na ufukwe wa bahari kuu, kinatanuliwa badala ya kuzamishwa, na kinaishia kidogo tu chini ya pale maji yanapoonekana. Pampu yenye nguvu ikivuta mahali pamoja, chumvi inapanda kutoka chini hadi kwenye bomba, na ikishapanda haishuki tena ndani ya siku mbili tatu. Husubiri miezi ya mvua. Ndiyo sababu Home Island wamelaza mabomba yenye matundu, yamelala chali mtaroni karibu na uso wa maji, yanavuta kidogo kidogo katika eneo refu. Choo cha shimo nacho ni hatari kuliko huku, kwa sababu kutoka juu ya ardhi hadi majini ni mita moja au mbili, na mchanga huo mkavu hauchuji uchafu wa kutosha.

Nahodha William Keeling wa Uingereza aliviona visiwa hivi mwaka 1609. Havikuwa na mtu. Wa kwanza kukaa alikuwa Alexander Hare mwaka 1826, akiwa na watumwa kutoka pande za Malaya, kisha mwaka 1827 akaja John Clunies-Ross na familia yake. Wawili hao hawakuelewana. Watu wa Hare wakamhama mmoja mmoja kwenda kwa Ross, naye Hare akaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1830. Uingereza ilivitwaa visiwa mwaka 1857, na mwaka 1886 Malkia Victoria akaipa familia ya Ross haki ya kuvimiliki.

Utawala huo wa familia ya Ross ulikaa juu ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Wenyeji wa minazi Pangani na Muheza wanaijua kazi hiyo: kufua, kupasua, kuanika, na kupigana na unyevu. Tani moja ya mbata hula nazi 5,000 hadi 6,000, na nyama ya nazi yenye unyevu wa karibu nusu ya uzito wake lazima ishushwe hadi kama asilimia 6, la sivyo inaota kuvu na mafuta yanachacha. Cocos walilipwa kwa sarafu za familia yenyewe, za plastiki, ambazo hazikununua kitu popote isipokuwa katika duka la Ross. Mwenye duka, meli na nyumba ni mmoja. Mtu anayetaka kuondoka ataondoka na nini? Naiona hiyo kuwa dhuluma hata pale ambapo hakuna aliyepigwa fimbo. Baada ya Vita vya Pili wengi waliondoka hata hivyo, wakaenda Kisiwa cha Christmas na Borneo, na hadi leo kuna jamii yao Tawau, huko Borneo.

Kuna siku chache ambazo historia yao na yetu zilikaribiana. Novemba 2 hadi 5, 1914, jeshi la Waingereza na Wahindi lilishuka Tanga likashindwa na kurudi melini. Novemba 9, manowari ya Wajerumani Emden ilifika Cocos kuharibu kituo cha simu ya waya wa baharini kilichokuwa Direction Island, kimojawapo cha visiwa hivyo. Wafanyakazi wa kituo walikuwa wameshatuma taarifa ya meli ngeni. Manowari ya Australia, Sydney, ikaja na mizinga mikubwa zaidi, na Emden ikapandishwa mwambani Keeling ya Kaskazini ikiwa na zaidi ya watu 130 waliokufa. Mabaharia waliokuwa nchi kavu walichukua jahazi la familia ya Ross, Ayesha, wakatoroka.

Australia ilipewa visiwa mwaka 1955 na kuvinunua kwa familia mwaka 1978 kwa dola milioni 6.25. Mwaka 1984, mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa, wakazi walipiga kura: 229 walitaka kuungana kabisa na Australia, 21 kujitawala kwa ushirika wa hiari na Australia, 9 uhuru kamili. Biashara ya mbata ilikufa miaka michache baadaye. Leo wakazi hawafiki 700, wengi wao Wamalay Waislamu wa Home Island wenye msikiti wao, Idi yao na mashua za tanga ziitwazo jukong.

Kuhusu bahari kupanda, watu hutazama urefu wa ardhi tu. Maji baridi yanaweza kupanda pamoja na bahari ilimradi kisiwa kibaki na upana wake. Kinachoyaua ni ufukwe kuliwa, na mawimbi ya tufani kumwaga chumvi juu ya mchanga. Ukuta wa mawe huokoa nyumba zilizo nyuma yake, lakini mchanga uliokuwa ukisafiri pembeni haufiki tena kule ulikokuwa ukienda, na kisiwa kinaanza kupungua upande huo.