Ukuta haukwewi kwa mikono

Nilitamani kukwea tangu nilipouona mchezo huu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, ulipoingizwa kwa mara ya kwanza. Nafasi niliipata Januari hii, kaskazi imepamba moto, katika godauni moja Shimanzi, Mombasa. Marafiki walikuwa wamepigilia plaiwudi ukutani, mita nne kwenda juu, wakafunga vishikio vya rangi na kutandika magodoro mazito chini. Kila rangi ni njia yake. Ya manjano ndiyo nyepesi kuliko zote, nayo ilinishinda majuma matatu.

Nilikuwa nikijivuta kwa mikono, viwiko nimevikunja muda wote. Haipiti dakika, vigasha vimevimba na kukakamaa, vidole vinafunguka vyenyewe. Naanguka.

Mjomba wangu ni mkwezi wa minazi, Kisauni. Siku moja nilimfuata kwa ajili ya madafu, nikasimama kumtazama kwa makini kuliko siku zote. Aliweka mguu kwenye kidato, pengo lililochongwa shinani, akanyoosha goti, mwili ukapanda. Mikono ilikumbatia shina tu.

"Mjomba, mikono haichoki?" nilimuuliza aliposhuka.

"Ichoke ina kazi gani, mwanangu? Mikono ni ya kukuzuia usianguke. Anayekupandisha ni mguu."

Kesho yake nilirudi godauni na neno hilo. Nikawa nanyoosha mikono, nyonga naisogeza karibu na ubao, na jicho siliondoi kwenye mguu mpaka utulie mahali pake. Hapa ukuta ni tofauti na mnazi: unakanyagia ncha ya kiatu, upande wa kidole gumba, ili kisigino kipate kugeuka. Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni kukwea bila mguu kugonga ubao. Ukisikia "ko!" unashuka, unaanza upya.

Jasho nalo lina dawa yake. Kishikio cha nne cha manjano ni cha mviringo, hakina ukingo wa kushika, na kwa unyevu wetu chaki ya kukaushia mikono ilikuwa ikigeuka uji kiganjani. Sasa nafuta mikono kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo napaka chaki kidogo. Na nakwenda baada ya magharibi, joto likishapungua.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenda kila siku. Kidole cha pete kikaanza kuuma kwenye mzizi, hata kufungua chupa ikawa taabu. Misuli hupata nguvu upesi, lakini kano za vidole hupata damu kidogo, hivyo hukawia. Nilipumzika majuma mawili, roho ikiniuma. Siku hizi nakwea mara tatu kwa juma, na siku ya mapumziko katikati.

Manjano niliimaliza Alhamisi moja usiku, goti likinyooka polepole kama la mjomba, kiganja kikalala juu ya ubao wa mwisho. Sasa niko kwenye ya kijani. Kishikio cha tano bado kinaniponyoka.